Mama Jiko Anajibu: Vyombo vya Kimeksiko na Kihispania, Hiki Nunua, Hiki Wacha

Toleo lililopita niliandika kidogo tu vile maharagwe ya Kimeksiko yanafanana na yetu, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja kutoka Kondele, Nakuru, Kakamega mpaka Kapsabet, na karibu zote haziulizi chakula, zinauliza vyombo. Nimechukua hizi sita. Zingine zilikua zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, kwa hivyo kama hujaona jina lako usikasirike, jibu lako liko humu ndani.

*Mama Jiko habari ya kazi. Niko Kondele, nauza chapati na chai, sasa wanafunzi wameanza kuniuliza kama naweza kuwapikia vyakula vya Meksiko vile wanaona kwa simu. Onlaini nimeona mashine ya chuma ya kufinya tortiya na bei yake ni ya mbuzi mdogo kabisa. Ninunue? Alafu kuna kitu kilinichanganya, nilifuata resipe moja ya tortiya nikaambiwa nikate viazi nipige na mayai sita. Hiyo ni tortiya gani? — Mama Chapo, Kondele*

Dadangu pole, ulikua unaenda Meksiko ukashukia Hispania. Tortiya ya Hispania ni mayai na viazi, nene kama keki, na kifaa chake ni pani isiyoshika na sahani pana kuliko hiyo pani, ju ukifika wakati wa kugeuza unafunika na sahani, unapindua kwa roho moja, alafu unairudisha polepole kwa pani imalize upande wa pili. Basi. Ya Meksiko ndo ile nyembamba kama chapati ya maji, na ndo inafungwa nyama na sosi ikawa taco (hilo neno nimeliacha na spelingi ya kwao, mkiliandika Kiswahili mnajua litasoma aje na mimi ni mama wa watu).

Sasa hiyo mashine. Kabla hujatoa pesa ya mbuzi niambie kwanza unataka tortiya ya ngano ama ya mahindi. Kama ni ya ngano mashine haitakusaidia kitu, unga wa ngano unavutika, ukiufinya unarudi vile ulikua kama raba. Ngano inataka kusukumwa, na wewe tayari uko na kibao na mti wa chapati na mkono wa miaka mingi. Na usifikirie hiyo ni ya kudanganya wateja, kaskazini mwa Meksiko, huko Sonora, tortiya za ngano ndo chakula cha kila siku. Sukuma nyembamba kuliko chapati, usikunje na mafuta katikati, choma kwa pani kavu, umemaliza. Unaweza anza kesho.

Ya mahindi ndo inataka mashine, lakini mashine bila unga wake ni pambo la kabati. Nimeona watu wakichukua unga wa ugali wa kawaida wanaukanda na maji wanafinya, inapasuka pasuka kando kama udongo wa kiangazi, wanalaumu mashine. Mashine haina makosa. Huko kwao mahindi yanachemshwa kwanza na maji ya chokaa, yanalala humo usiku kucha, asubuhi ganda linatoka ukisugua na vidole, yanaoshwa, ndo yanasagwa yakiwa maji. Hiyo kazi inaitwa niksitamali na ndo inafanya unga ushikane, na pia inafungua vitamini ya B3 ambayo kwa mahindi ya kawaida imejifungia mwili hauipati vizuri. Chokaa yenyewe ni kidogo, kama gramu 10 kwa kilo ya mahindi, lakini iwe ile ya chakula, tafadhali, si ile ya gunia ya hadiwea ya kupaka ukuta! Na posho mill ya mtaa haisagi mahindi maji, utagombana na mwenyewe bure, labda uwe na ile mashine ya mkono ya kuzungusha ama lile jiwe ambalo nitalisema chini. Rahisi zaidi ni kununua unga uliotengenezwa hivyo tayari, unaitwa masa harina. Kwa hivyo tafuta unga kwanza, ukishaona unapata kila mwezi bila shida, ndo ununue mashine.

Na ukinunua, chukua ya chuma kizito ama ya mbao ngumu, upana kati ya sentimita 15 na 20. Izo za aluminiamu nyepesi mkono wake unapinda. Ata fundi wa mbao anaweza kukutengenezea, ni mbao mbili na bawaba na mkono wa kukandamiza, hakuna siri hapo. Juu na chini ya donge unaweka plastiki lisishike, na kwa vile mifuko ilipigwa marufuku tangu 2017, mimi nakata karatasi ya mkate, inafaa kabisa. Donge liwe la ukubwa wa ndimu.

Pani ya kuchomea kwao ni komali, sahani bapa ya chuma ama ya udongo, haina mafuta. Pani yako nzito ya chapati ni komali kasoro jina. Lakini nunua ya pili uiweke kando, ile ya chapati imekunywa mafuta miaka na miaka, ukiweka tortiya hapo inakaangika badala ya kuchomeka. Iyo kavu utaitumia pia kuchomea nyanya, vitunguu saumu na pilipili mpaka ziwe na madoa meusi, na sosi ikitoka hapo wateja watauliza umeweka nini.

*Shikamoo Mama Jiko. Nilinunua molkahete onlaini, ile ya jiwe ya miguu mitatu. Nikatengeneza sosi ya nyanya wageni wakasikia mchanga kwa meno, nikaona aibu. Muuzaji anasema itaisha yenyewe, ni mwezi wa pili sasa. Kuna fundi wa mawe hapa anasema atanichongea ingine ya jiwe la mlima Menengai. Nimruhusu? — Msomaji wa Nakuru*

Marahaba mwanangu. Hapa nitakaa kidogo ju hiki ndo chombo kinachoumiza watu pesa.

Molkahete (ukitafuta andika molcajete, lakini j yao inasomwa h) ni kinu cha jiwe la volkeno, jiwe zito jeusi ama la kijivu lenye vitundu vidogo vidogo, na mchi wake ni jiwe fupi linaitwa teholote. Vile vitundu ndo meno yake. Blenda inakata kata, jiwe linaponda, na pilipili iliyopondwa inatoa mafuta na harufu ambayo kisu hakiwezi, wale mmekula kachumbari ya kupondwa mnajua nasema nini.

Jiwe la kweli likiwa jipya pia linatoa vumbi. Hiyo si kasoro. Dawa yake ni mchele mkavu, unaweka konzi moja unasaga mpaka uwe unga, unaangalia rangi, ni kijivu, unamwaga, unaweka mwingine. Mara ya tatu, ya nne, ya tano, unga unaanza kutoka mweupe. Ukishatoka mweupe kabisa unaponda kitunguu saumu na chumvi ya mawe unapaka ndani yote unaacha, unasuuza, tayari. Usioshe na sabuni maisha yako yote, jiwe linakunywa sabuni alafu linaitapika kwa sosi, tumia maji moto na brashi.

Sasa yako. Kuna watu wanasaga mawe wanachanganya na simiti wanamimina kwa ukungu, ikikauka inafanana na jiwe. Iyo haiishi mchanga, ata usage gunia la mchele. Iangalie vizuri, kama rangi ni moja kila mahali kama bloku ya nyumba, na vitundu havionekani ama viko juu tu, na ukiikwaruza na msumari inatoka unga mweupe mweupe, ni simiti hiyo. Nenda ufanye mtihani wa mchele mara tano. Ikikataa iweke nje ipande maua, usiendelee kulisha watu simiti, na muuzaji arudishe pesa kama ana aibu.

Fundi wa Menengai, hapo sijakataa lakini kuna masharti. Mlima ni wa volkeno sawa, lakini si kila jiwe la volkeno ni la kusagia. Lile jepesi lenye matundu mengi, ambalo watu wanasugulia visigino, hilo litaliwa na mchi utalila wewe. Lile la kujengea linalokatika na msumeno pia hapana, kama msumeno unaliweza mchi utaliweza. Mwambie akutafutie jiwe jeusi zito, likigongwa lilie kama chuma, alafu kabla hajachonga saga chumvi juu yake uonje. Na kama ni mvivu kama mimi, kinu chochote kizito cha granaiti kitakufanyia kazi, sosi itakua laini kidogo tu.

Kuna mwingine aliuliza kama anaweza kutumia bakuli la jiwe la Tabaka, lile la Kisii. Hapana kwa kusagia! Lile jiwe ni laini, kucha inaliandika, ndo maana wachongaji wanalipenda. Nyingi pia zimepakwa rangi na polishi ya kuuzia watalii. Weka ndizi juu ya meza upendeze nyumba.

Na kabla sijasahau, kuna ndugu mkubwa wa molkahete anaitwa metate, jiwe bapa lenye mteremko, mama anapiga magoti nyuma yake anasukuma jiwe lingine mbele na nyuma kusaga yale mahindi ya niksitamali. Wajaluo someni tena hiyo sentensi pole pole. Ni pong', lile jiwe letu la kusagia! Dada ya mama yangu alikua nayo nyuma ya nyumba kule Nyakach na tulikua tunaikalia tukila miwa, saa hii watu wanaagiza ng'ambo kwa dola.

*Mama Jiko, mimi ni mwalimu Kakamega. Nilinunua chungu kizuri sana pale Ilesi kando ya barabara nipike maharagwe ya Kimeksiko vile uliandika. Nikakiweka kwa meko ya gesi, dakika kumi kikapiga paa! Maharagwe yote chini. Kwani vyungu vyetu si kama vyao?*

Mwalimu pole kwa maharagwe, na pole kwa jiko ju najua kuliosha hiyo supu si mchezo.

Chungu hakikua kibaya. Wamama wa Ilesi wanafinyanga vyungu vya kupikia kwa moto wa kuni, ambao unazunguka chungu chote na unaanza pole pole. Meko inapiga mahali pamoja, kwa nguvu, na kama ndani uliweka maji baridi ndo umemalizia. Ata kule Meksiko ola, chungu chao cha udongo cha maharagwe, haipendi mambo hayo, na kasuela za Hispania, yale mabakuli ya udongo ya kupikia, wanazilowesha kwa maji kwanza kabla ya kuzitumia mara ya kwanza alafu wanaanza na moto mdogo kabisa.

Nunua kingine (hakikuui, na yule mama pia anasomesha watoto). Kiloweshe usiku mzima. Asubuhi kipikie uji mwepesi wa unga moto mdogo saa nzima, uji unaingia kwa vile vitundu unavifunga. Kwa gesi weka bamba la chuma katikati ya moto na chungu, moto uanze chini upande pole pole, na ukitaka kuongeza maji ongeza ya moto. Maharagwe yatachukua muda, lakini yakiiva yanakua na ile supu nzito sufuria haijui kuitoa.

Kitu kimoja cha kuogopa, na hiki si mchezo. Vyungu vya udongo vya zamani vya Meksiko vinavyong'aa ndani, vingi vilipakwa glazi yenye madini ya risasi, na risasi inatoka ikikutana na nyanya, ndimu ama siki. Kwa hivyo mtu akikuletea zawadi ya bakuli linang'aa na halijaandikwa kwamba halina risasi, litundike ukutani. Chungu cha Ilesi hakina glazi, hapo uko salama.

*Niaje Mama Jiko. Tuko Milimani Kisumu, babe wangu alienda Valencia huko Hispania kikazi akarudi anasema lazima birthday yake nipike paeya, ule wali wa kwao, ya watu 20. Sufuria ya pilau iko. Ama lazima ile pani pana? Jamaa wa soko la Kibuye amesema anaweza kunitengenezea na bati. — Kijana wa Milimani*

Poa kijana wangu. Kwanza ujue paeya kwa watu wa Valencia ndo jina la hiyo pani yenyewe, chakula kilichukua jina kwa chombo. Kwa hivyo ukipika kwa sufuria ya pilau utapata pilau, na pengine nzuri, lakini babe atajua.

Sababu ni hii. Wali wa paeya unalala mwembamba, kimo cha kidole hivi, maji yanaruka yote bila kufunikwa na hukorogi ukishamwaga supu, na chini kunabaki ukoko wa dhahabu unaitwa sokarati ambao watu wanagombania. Wewe ulilelewa ukikatazwa kuunguza wali, huko ukoko ndo heshima ya mpishi. Sufuria ndefu inafanya kinyume cha yote hayo, ya chini inaungua ya juu inakua bokoboko.

Kwa watu 20 utataka pani ya upana wa kama sentimita 60, na mchele kama kilo 2. Hapo gesi ya nyumbani imeshindwa, moto utakua katikati tu. Weka mafiga matatu nje, kuni, usambaze makaa mpaka kingo, na hiyo si umaskini, wao wenyewe wanapika nje na kuni za michungwa. Hakikisha pani imelala sawa, mwaga maji kidogo uone kama yanakimbilia upande mmoja kabla hujamwaga mchele.

Jamaa wa Kibuye mruhusu, lakini si na bati. Mabati ya kuezekea yamepakwa zinki, na zinki kwa moto mkali na nyanya inaingia kwa chakula na moshi wake ni mbaya. Ya drami ya mafuta pia kataa, hujui ilibeba nini. Mwambie akutafutie shiti nyeusi ya chuma kitupu, nyembamba, akunje ukingo mfupi wa vidole vitatu hivi na aweke mikono miwili imara ju iyo kitu ikijaa ni nzito. Ukiipata osha, kausha juu ya moto, ipake mafuta, na kila ukimaliza kuitumia fanya hivyo hivyo ama kesho utakuta kutu. Kama ni mara moja tu kwa mwaka tafuta ya kukodi ama ile iliyopakwa enameli, haishiki kutu.

Mchele usitumie pishori, najua tunaupenda lakini ule kazi yake ni kuchambuka na kunukia, paeya inataka punje fupi nene inayokunywa supu. Na mbuta wa ziwa anakubali, ingawa Mvalencia halisi atakuambia ya kwao ni kuku, sungura na maharagwe, wewe mwambie ziwa liko hapa.

*Mama Jiko, mimi ni Mkalenjin wa Kapsabet, nimeona watu wa Ajentina wakinywa majani yao kwa kibuyu kidogo na mrija wa chuma. Naweza kutumia sotet, kile kibuyu chetu cha maziwa ya mursik? — Mzee kijana*

Mzee, umeona vizuri kuliko unavyojua. Kile kibuyu cha mate (hayo majani yao ndo yanaitwa mate, si ya mdomoni) na sotet ni mmea mmoja, aina ileile ya mmumunye wa kutambaa. Tofauti ni kukitayarisha. Ninyi mnasugua ndani na mkaa wa mti wa senetwet, wao wanajaza majani ya mate yaliyolowa na maji ya moto wanaacha siku nzima, wanakwangua, wanarudia. Lakini usichukue sotet ya mursik, ile imeshikana na maziwa milele, kata kibuyu kipya kidogo cha mkono mmoja. Mrija unaitwa bombiya, chukua wa stenlesi wenye chujio linalofunguka uoshe, na maji yasichemke kabisa ama majani yatakua machungu.

Wanakunywa kwa duara, mmoja anajaza anapitisha, ukisema asante maana yake umetosheka huletewi tena. Wazee wa Kiluhya na mirija yao ya busaa wataelewa bila kuelezwa.

*Mama Jiko, na sahani? Na tortiya zikae moto namna gani mezani? Na ile fimbo ya mbao ya kupigia chokoleti ni lazima? — Mama wa wawili, Kisumu*

Sahani, kuna zile za talavera zilizopakwa buluu na njano, kazi ya Puebla na Tlaxcala huko Meksiko na Talavera de la Reina huko Hispania, UNESCO iliiweka kwa orodha yake 2019, ni nzuri na ni ghali na za bandia ni nyingi. Lakini kwa jikoni za kawaida za Meksiko utakuta enameli, ile ya buluu yenye madoa, kama vikombe na sahani za nyanya yako. Zitoe kabatini.

Tortiya, hotipoti yako inatosha, ila tandika kitambaa safi ndani na ufunike na kingine, bila hicho mvuke unarudi chini na zinakua nyevu zinakatika mkononi. Wao wanatumia kikapu cha kusukwa na kitambaa, ata kile cha Kibuye chenye kifuniko kinafaa.

Na hiyo fimbo inaitwa moliniyo, kichwa chake kimechongwa meno meno, unaishika kati ya viganja viwili unaizungusha chokoleti ya moto inafanya povu. Kwetu hiyo kazi ni kupekecha. Kama bibi bado ana kipekecho chake, muombe kabla shemeji zako hawajakiwashia jiko.